Upande wa Kushoto wa Sweta

Tarehe 17 Mei 1954 tulipata habari kwamba mtoto wa shangazi yangu amefariki huko migodini, ng'ambo ya mpaka, na kwamba wamekwisha kumzika huko huko. Aliyeleta habari alikuwa mtu aliyefanya kazi naye. Aliteremka kwenye lori pale Tunduma, akatembea siku mbili mpaka kwetu Mbozi akiwa na sanduku la bati kichwani. Ndani ya sanduku mlikuwa na shati mbili, Agano Jipya, kikombe na barua zetu. Shangazi alizipokea zile shati akazinusa, kisha akasema zinanuka sabuni ya watu wengine.

Mimi sikulia siku ile. Watu waliniona nimekaa kimya karibu na kinu, wakasema, huyu naye ameumia, walikuwa watani sana. Ni kweli tulikuwa watani. Ndiyo sababu naandika.

Mimi ni mwanamke niliyesoma mpaka darasa la tatu, na sijui kupamba maneno. Nitaeleza kama mambo yalivyokuwa.

Kwetu sisi, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Yeye aliniita mke wangu tangu tukiwa watoto wa kuchunga mbuzi, nami nikamwita mume wangu, ingawa hapakuwa na mahari wala nia. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Anaweza kusema wewe ni mchafu, mlafi, kwamba mama yako alikuokota kwenye majani ya mibuni. Ukikasirika, aibu ni yako, na wazee wanakutoza kuku. Na mmoja wenu akifa, yule aliyebaki ndiye anayeingia msibani akavaa nguo ya marehemu, akaigiza mwendo wake na sauti yake mpaka wafiwa wacheke. Akimaliza hunyakua kitu kimoja cha marehemu, asikiachie mpaka wenye msiba wamkomboe kwa kuku au kikapu cha ulezi. Hapo matanga yamekwisha, watu wanarudi mashambani.

Chuo cha ualimu cha misheni kilikuwa kilimani, sisi tulikuwa bondeni. Mtoto wa shangazi alikuwa mwanafunzi pale na ndiye golikipa. Mimi nilikuwa nafua nguo za timu mtoni. Jumamosi walicheza, Jumatatu nilishusha kikapu cha jezi, Ijumaa nilikipandisha. Kwa hiyo niliijua ile timu kuliko watu wengi. Nilijua nani anakimbia na nani anatembea, kwa sababu anayetembea jezi yake hainuki.

Miaka mitatu mfululizo chuo kilikuwa kimechukua kikombe. Si kikombe kikubwa, lakini kilikaa kwenye dirisha la ofisi ya mkuu wa chuo, na sisi wa bondeni tukipita kwenda kanisani tulikitazama kama kwamba tumekichonga wenyewe. Mwaka 1951 mambo yakaharibika. Washambuliaji watatu wazuri walikuwa wamemaliza masomo, wakapelekwa kufundisha mbali. Waliobaki walikuwa na akili ya vitabu, miguu hawana. Tulifungwa na timu ya shamba la kahawa. Tukafungwa na timu ya boma. Halafu tukafungwa na watu wa Ivuna.

Hao wa Ivuna ni wapika chumvi. Walikuja kwa miguu wakiwa wamebeba mizigo yao ya chumvi, wakaiweka pembeni ya uwanja, wakaingia kucheza pekupeku, wakatufunga matatu. Mpira ulipokwisha wakafungua mizigo wakaanza biashara palepale. Mama mmoja wa kwetu alitaka aongezewe kidogo. Mwuza chumvi akamwambia, "Chukua, mama, chukua hata kopo zima. Timu yenu haina chumvi kabisa."

Yule mama alimwaga chumvi yote chini akaondoka.

Mtu asiyependa mpira hawezi kuelewa. Hatukuwa na kitu kingine cha kujivunia ila kile kikombe. Ardhi nzuri ya kahawa ilikuwa ya walowezi, kodi ilikuwa ya boma, lakini kikombe kilikuwa chetu. Kwa hiyo tulianza kuwachukia wale vijana tuliowapenda. Mzee mmoja wa kanisa alikataa kuwaombea kabla ya mchezo. "Nimemsumbua Mungu mara tatu," alisema. "Safari hii waombe wenyewe, si ndio wanaosoma Biblia kwa Kiingereza?" Jirani yangu aliyekuwa akiwapelekea togwa wakati wa mapumziko akaacha. Nilipomwuliza akasema, "Waliofungwa hawana kiu."

Na wengi walimlaumu golikipa. Zamani alikuwa kama paka. Mwaka ule mpira wa kawaida tu, wa kuviringika, ulipita pembeni yake naye amesimama.

Mimi niligundua sababu mtoni. Golikipa hakuvaa jezi kama wenzake. Alivaa sweta ya kijani ambayo marehemu baba yake aliileta kutoka migodini, nzito, yenye kiraka kwenye kiwiko. Jumatatu moja niliilowesha, nikaona matope yote yako upande wa kulia. Kiwiko cha kulia, ubavu wa kulia, bega la kulia. Upande wa kushoto ulikuwa safi kama hakuchezea. Nikakumbuka kwamba hata wiki iliyopita ilikuwa hivyo.

Ijumaa nilipompelekea, nilimwuliza nyuma ya jiko la chuo.

"Mume wangu, nani kakuambia upande wa kushoto kuna nyoka?"

Akacheka. "Unanifulia au unanipeleleza?"

"Nakufulia nusu. Nusu nyingine haichafuki."

Akatazama huku na huku, akaniambia niinue mkono wangu karibu na sikio lake la kushoto. Nikainua. "Nyosha vidole," akasema. Nikanyosha. "Vingapi?" nikamwuliza. Akasema, "Sijui. Hata mkono siuoni."

Ukungu ulikuwa umeanza kuingia kwenye jicho lile tangu likizo ya mavuno. Ukimtazama hungejua. Lakini chuoni, mwanafunzi aliyeonekana ana ugonjwa wa macho alirudishwa nyumbani, kwa sababu walisema mwalimu ni macho. Ilikuwa imebaki miezi mitatu amalize.

"Basi acha mpira," nikasema. "Sema goti linauma."

"Nikisema goti, watanipeleka kwa mganga wa misheni. Yule haangalii goti tu. Mwezi uliopita mwenzetu alikwenda kwa jino akakutwa na safura." Akanishika kifundo cha mkono. "Miezi mitatu tu. Usimwambie mama. Usimwambie mtu."

Nikasema sitamwambia mtu. Sikuapa, lakini sikuwa na desturi ya kumwapia, wala yeye hakuwa na desturi ya kuniomba kitu bila mzaha. Siku ile aliniomba bila mzaha.

Mchezo wa mwisho ulikuwa nyumbani, mwezi wa nane, na wageni walikuwa Tunduma. Walikuwa makarani wa mpakani na madereva, na wanaume waliokuwa wamewahi kufanya kazi migodini, wana viatu vyenye njumu, wanachanganya Kiswahili na Kibemba ili tujue wamefika mbali. Walishuka kwenye lori wakiimba. Mmoja akapita mbele yetu wanawake akasema, "Akina dada, kikombe mmekisugua? Sisi tunakinywea chai leo jioni."

"Mtakunywa kwa viganja!" nikamjibu, na wanawake wakashangilia. Mimi ndiye niliyekuwa sauti ya upande wa wanawake. Nasema hivi si kwa kujisifu. Nikipaza sauti, hata wanaume wa ng'ambo ya uwanja waligeuka.

Kikombe kilikuwa cha mshindi wa siku ile. Tukishinda, kinabaki. Tukifungwa kinakwenda Tunduma. Kwa nusu ya kwanza wale vijana wetu walicheza kama kwamba washambuliaji wa zamani wamerudi ndani ya miili yao. Tulipata bao. Hata mzee wa kanisa alivua kofia akaipunga. Kipindi cha pili wakasawazisha, bao la haki, hakuna wa kulaumiwa.

Halafu ukaja mpira ule. Haukupigwa. Uligongwa na mguu wa mtu aliyekuwa anaanguka, ukaanza kuviringika polepole kuelekea golini, upande wa kushoto wa golikipa. Mtoto mdogo angeweza kuudaka. Uwanja mzima uliuona. Yeye alikuwa ameinama kidogo, mikono ameitanua, anageuza kichwa anautafuta. Alipouona ulikuwa umekwisha kuvuka mstari.

Nimejiambia mara nyingi kwamba kwa hasira ile nilisahau siri. Si kweli. Sikusahau. Niliikumbuka, na ndiyo iliyonisimamisha. Wengine wote walikuwa wanapiga kelele ovyo, mjinga, mlevi, umehongwa. Mimi peke yangu nilikuwa na neno lenyewe, nikaona uchungu kukaa nalo kimya. Na nilijua kwamba mimi ni mtani wake. Nikilisema mimi, ni mzaha. Nani atashika neno la mtani?

Nikapanda juu ya gogo, nikapaza sauti:

"Mume wangu, we chongo! Nimeolewa na chongo! Geuza jicho zima, kushoto kwako kumeingia usiku!"

Watu walicheka. Walikuwa wanahitaji sana kucheka. Jirani yangu wa togwa akaanza kupiga makofi, "Kushoto usiku! Kushoto usiku!" wanawake wakaitikia, mwishowe hata wanaume. Ukawa wimbo. Na mimi niliuongoza. Hilo nalo niliseme, kwa sababu kupaza sauti mara moja ni kitu kimoja, na kuongoza wimbo ni kingine.

Yeye aligeuka akanitazama. Kwa sababu nilikuwa kushoto kwake, alilazimika kugeuza kichwa chote.

Wachezaji wa Tunduma hawakuwa wajinga. Walisikia wimbo wetu wakaufuata. Mipira yote iliyobaki waliipeleka kushoto. Walitufunga manne. Nakumbuka lile la nne hakuna aliyeimba.

Mwalimu wa michezo alikuwa mtu mpole, mwenyeji wa Ileje, aliyependa wanafunzi wake. Naye alikuwa na masikio. Jumatatu asubuhi alimwita golikipa akamsimamisha mbele yake, akanyosha vidole upande wa kushoto. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya ila kumpeleka kwa mganga, na mganga akaandika aliyoyaona. Alhamisi mtoto wa shangazi alishuka kutoka kilimani na sanduku lake. Cheti hakupata.

Alipita kwangu kabla ya kufika kwa mama yake. Nilikuwa nachambua maharage. Nilitaka anitukane. Nilisimama nimngoje anitukane.

"Mke wangu," akasema, "hapo umenishinda. Mimi siku zote nilikuwa nakuita mlafi tu."

Nikasema, "Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Utani una kesi? Unataka mimi nitozwe kuku?" Akacheka, lakini hakukaa, na maji niliyompa hakuyamaliza. Ndipo nilipofahamu nilichomfanyia. Adui angeweza kumpiga. Mimi nilimpiga mahali ambapo desturi ilimkataza hata kukunja uso.

Wiki ile ile alikwenda Tunduma, akavuka. Sweta yake ilibaki kwenye kikapu changu, haijafuliwa. Matope yote upande wa kulia. Niliifua nikampelekea shangazi.

Huko migodini hawakumpeleka chini ya ardhi, kwa sababu ya jicho. Alikuwa anapika ugali wa wafanyakazi na kufagia. Aliandika barua kwa mama yake, na kila barua aliimalizia, mke wangu nisalimie, mwambie huku kushoto ni usiku lakini kulia kuna mwanga. Shangazi hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyemsomea. Maneno hayo nilikuwa nayaruka. Nilisema tu, anakusalimu, anasema ni mzima.

Sasa nieleze jambo ambalo ni baya kuliko wimbo. Shangazi hakuwa uwanjani siku ile, alikuwa kwa dada yake Chitete. Aliporudi aliambiwa kwamba mwalimu wa michezo ndiye aliyempeleka mwanawe kwa mganga. Akaamini yule mwalimu alimwonea, kwamba alimtoa kafara kwa kupoteza kikombe. Kwa karibu miaka mitatu hakumwamkia. Wakikutana njiani alihama njia. Aliacha ibada ya kilimani, akawa anatembea mpaka kanisa la mbali, mvua na jua, na miguu yake ilikuwa inavimba. Wakati mwingine nilimsindikiza. Tulitembea, yeye akimlaani yule mwalimu, mimi nimembebea mwavuli. Wale waliokuwa uwanjani hawakumwambia, kwao ulikuwa wimbo tu kati ya nyimbo, na wengine, nadhani, walikuwa wameimba wakaona haya. Mwalimu mwenyewe hakujitetea. Mara moja tu aliniuliza, "Shangazi yako yule, hujambo yake hairudi?" Nikasema sijui.

Nilijua.

Matanga yalifanyika bila mwili. Siku ya kuyamaliza watu walijaa uani kwa shangazi, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye magogo. Mwalimu wa michezo alikuja, akakaa mwisho kabisa, karibu na zizi. Shangazi alimwona. Akageuza mkeka wake ampe mgongo.

Ugali ulipoliwa mzee mmoja akasema, "Mtani yuko wapi? Mbona tumekaa kama tumezika na yeye?"

Shangazi akaingia ndani, akatoka na sweta ya kijani. Akanipa mwenyewe. "Vaa," akasema. "Nichekeshe, mwanangu. Tangu ile habari ije sijacheka."

Nikaivaa. Ilinifika magotini. Watu wakaanza kucheka kabla sijafanya lolote. Nikatembea kama yeye, mabega mbele, vidole vya miguu ndani. Nikasema kwa sauti yake, "Mke wangu, ugali huu umeupika au umeuzika?" Wakacheka zaidi. Nikainama kama golikipa, nikatanua mikono. Wakawa wananingoja nidake. Na mimi nikabaki nimeinama, natazama utosi wa mwalimu kule zizini, maana naye alikuwa ameinamisha kichwa, na neno likanitoka kwa sauti yangu mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyemfukuza chuoni," nikasema. "Aliniambia jicho lake limekufa akaniomba nisiseme. Nikalisema uwanjani, nikaliimba. Mwalimu hana kosa. Alisikia kwangu."

Walicheka. Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye gogo. "Huyu mtani!" wakasema. "Anajipa kesi mwenyewe!" Jirani yangu wa togwa peke yake ndiye aliyeacha kucheka, akafunika mdomo kwa kanga.

Shangazi naye hakucheka. Akauliza, polepole, "Huo ni utani?"

"Si utani, shangazi."

"Sema tena."

"Si utani. Alikuwa ananitajia kwenye barua, nikawa nairuka ile sehemu."

Hakulia, hakunipiga. Aliinama akafunga upya kitambaa chake kichwani, akafunga mara mbili. Mzee aliyeniita akaona mambo yanaharibika, akasema kwa haraka, "Haya, haya, mtani amekwisha nyakua. Ameshika sweta. Leteni kuku tuikomboe, watu wapate kwenda." Mtu akaleta jogoo mwekundu, amefungwa miguu.

"Mrudishe," shangazi akasema. "Ile sitaikomboa."

"Dada, si desturi. Ni sweta ya mwanao."

"Najua ya nani. Akae nayo."

Kisha akainuka kwenye mkeka. Alijishika kiunoni kwa sababu ya miguu, akavuka ua wote, katikati ya watu, mpaka kwenye zizi. Mwalimu akasimama haraka. Shangazi akapiga magoti mbele yake, yeye mama mtu mzima, akapiga makofi mawili ya salamu, kama tunavyowaamkia watu wa heshima. Mwalimu naye akachuchumaa mbele yake. Walichosemezana sikukisikia.

Nilingoja pale kwenye lango kidogo, labda angegeuka. Watu walipita wakaniaga kwa macho. Yule jogoo walimfungua, akarudi kwa kuku wenzake. Nikaenda nyumbani mchana ule ule nikiwa nimeivaa sweta, na jua lilikuwa kali.